Mti Wenye Mzinga wa Baba

Jumatano, tarehe kumi na moja mwezi wa pili mwaka huu, kaka yangu alifariki katika wodi ya wanaume mjini Mpanda, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Alikuwa mwenyekiti wa kijiji chetu kwa vipindi viwili na mwaka mmoja na kidogo wa kipindi cha tatu. Kabla ya kumpoteza yeye tulikuwa tumeshapoteza ardhi ya kaya kumi na nne upande wa msitu, na kijiji kizima kiliamini kwamba ardhi ile aliipoteza yeye. Naandika kwa sababu haikuwa hivyo, au haikuwa hivyo peke yake.

Nimesoma mpaka darasa la saba. Nalima mahindi na maharage kama wengine, na kiangazi narina asali. Kazi ya asali nilirithi kwa baba yetu, Mkonongo aliyekuwa na mizinga mingi kuelekea mto Ugalla. Mizinga yake ilikuwa ya magogo ya mninga, imetobolewa kwa tezo na kutundikwa juu ya miti. Kila mzinga ulikuwa na alama ya mwenyewe imechongwa kwenye gogo, ili mtu asirine asali isiyo yake. Alama ya baba ilikuwa mistari mitatu na duara. Hata mtoto wa kwetu asiyejua kusoma aliijua.

Wazee walipokubaliana mpaka wa kijiji na msitu, hapakuwa na mashine wala karatasi. Walikubaliana kwa kutembea. Mpaka ukaanzia kwenye kijito, ukaenda mpaka kwenye mti wenye mzinga wa baba, kisha ukakata kuelekea kilima chenye mawe meupe. Baba alitufundisha hivyo mimi na kaka. Alitufundisha na jambo lingine, kwamba mzinga ukihama, alama ibaki. Ukiushusha mzinga kwenye mti wa mpakani unachonga alama ile ile kwenye shina, ili atakayekuja ajue.

Mwaka mmoja moto wa kiangazi ulipita upande ule ukaunguza ule mti, mti mkubwa wa aina tunayoiita mtundu. Nyuki walihama. Nilienda na baiskeli, nikaushusha mzinga kwa kamba, nikaufunga kwenye keria. Ningeweza kuutundika kwenye mti wa jirani, miti ilikuwapo. Lakini nilikuwa nimechoka, kiuno kilikuwa kinaniuma, na nilifikiria safari zote nitakazokuja kufanya mpaka kule na kurudi. Nikausogeza upande wa nyumbani mwendo wa kama nusu saa kwa miguu, nikautundika kwenye mti wa myombo karibu na njia. Alama kwenye mti wa zamani sikuchonga. Shina lilikuwa jeusi kwa masizi, na nilijiambia kwamba mti wenyewe utaanguka tu. Niliuhamisha kwa uvivu. Nimejaribu kutafuta neno lingine, silioni.

Kaka siku hiyo alikuwa kwenye kikao cha kata. Sikumwambia jioni, wala kesho yake, na baadaye nikasahau kwamba sijamwambia. Yeye alikuwa ameshaingia kwenye uongozi, msituni haendi. Asali aliila mezani.

Niseme kidogo alivyokuwa, maana watu siku hizi wanamtaja kwa jambo moja tu. Muhuri wa kijiji ulipokuwa nyumbani kwake aliuweka kwenye kopo la biskuti pamoja na wino, na kopo lilikaa juu ya kabati la vyombo. Watu walikuja tangu asubuhi. Huyu anataka barua ya kumpeleka mtoto shule, huyu anauza ng'ombe mnadani na anatakiwa kuonyesha kwamba ng'ombe ni wake, huyu amegombana na mke. Alikuwa na tabia ya kumkalisha mtu kwanza, amuulize habari za mvua na za watoto, ndipo agonge muhuri. Shemeji yangu, mkewe, alikuwa akilalamika kwamba majani ya chai yanakwisha kwa ajili ya serikali.

Aliyekuja mara nyingi kuliko wote alikuwa jirani mmoja Msukuma. Huyo alifika kutoka kaskazini na ng'ombe wake miaka zaidi ya kumi iliyopita, akapewa eneo na mwenyekiti aliyekuwapo kabla ya kaka, upande wa msitu lakini ndani ya mpaka. Tuliitana mtani. Sijui utani huo ulianzia wapi, tuliukuta. Akifika kwa kaka alikuwa anaanzia barabarani kupaza sauti.

"Mtani, nyie bado mnafuga wadudu?"

"Karibu, mtani. Wadudu hawavunji uzio wa mtu."

"Mdudu hana nyama, hana maziwa, hana ngozi. Binti yangu akiolewa kwenu nitaletewa nini? Ndoo ya nyuki?"

"Utaletewa asali, ukae kimya siku mbili."

Shemeji alikuwa anacheka mpaka anaweka mwiko chini. Mtani huyo alikuwa akinywa chai yake, anagongewa muhuri, anaondoka bila kuaga, maana kuaga nako alikugeuza utani. Alisema Mkonongo haagwi, anakimbiwa.

Kiangazi cha mwaka juzi walikuja wapimaji kutoka wilayani, mwanamke na mwanaume, kuweka mipaka ya kijiji kwenye ramani. Lilikuwa jambo zuri. Kaka alilisubiri miaka mingi, kwa sababu kijiji kisicho na ramani kila mtu anakisukuma. Tulitoka asubuhi, wapimaji wawili, kaka, mtendaji wa kijiji, wajumbe wanne wa kamati ya ardhi, na mimi kwa sababu naijua njia. Mimi nilibeba maji, nikawa wa mwisho kwenye mstari. Nilidhani nimeitwa kuongoza, lakini kaka alishika mbele na mimi nikamwachia. Mwanamke alishika kimashine mkononi, kila alipoambiwa hapa, alisimama kidogo kikasoma, akaandika.

Kwenye kijito hapakuwa na tatizo. Kutoka pale njia inapita kwenye ule myombo wangu. Miti ni minene, nyumba zilizo mbele yake hazionekani. Niliona kaka anapunguza mwendo, anainua kichwa, anatabasamu.

"Andika hapa," akasema.

"Una uhakika mwenyekiti?" yule dada akauliza. "Hapa hakuna jiwe, hakuna chochote."

"Dada yangu, angalia juu. Unaona ile mistari mitatu na duara? Aliichonga baba yangu mzazi kabla sijajua kuvaa suruali. Hilo ndilo jiwe letu."

Wajumbe wakacheka. Mmoja akasema kwamba mzee yule angekuwa hai angedai wapimaji walipe ushuru kwa nyuki.

"Kaka," nikasema.

Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. "Subiri, dogo. Wageni wanafanya kazi."

Nilikuwa na miaka arobaini na saba, nina wajukuu. Lakini kwetu mdogo hamsahihishi mkubwa wake mbele ya wageni, na huyu hakuwa mkubwa wangu tu, alikuwa mwenyekiti mbele ya kamati yake. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Sababu nyingine ni kwamba ningesema mzinga umehama, ningeulizwa umehamishwa na nani na kwa nini. Nikanywa maji. Kimashine kikasoma. Tukaenda mpaka kilima cha mawe meupe, tukarudi kijijini, wapimaji wakala wali na kuku kwa shemeji, karatasi zikasainiwa na muhuri ukagongwa.

Kesho yake asubuhi nilimkuta kaka uani anakunywa chai, miguu ameiweka kwenye beseni la maji ya moto kwa sababu ya ile safari. Nilimwambia nikiwa nimesimama.

"Ule si mti wenyewe. Mti wenyewe uliungua. Mimi ndiye niliuhamisha mzinga."

Aliweka kikombe chini. "Lini?"

"Mwaka ule wa moto mkubwa."

"Mti wa zamani uko wapi?"

"Mbele. Nusu saa mbele."

Aliitazama miguu yake ndani ya maji. Kisha akauliza, "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Basi isiende kwa mtu mwingine. Nitalirekebisha."

Kwa haki yake niseme kwamba alijaribu. Wiki ile ile alipanda bodaboda mpaka wilayani. Walimwambia karatasi zimeshasainiwa na kamati, kwa hiyo haziwezi kubadilishwa kwa mdomo wa mtu mmoja. Alete muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji unaoeleza kosa lilivyotokea. Hawakumjibu vibaya, walimweleza utaratibu. Alirudi na vumbi mpaka kwenye kope.

Mkutano hakuuitisha. Ilikuwa imebaki miezi michache kufikia uchaguzi wa vijiji, na kulikuwa na mtu mwingine aliyekuwa anakitaka kiti. Kaka aliniambia tungoje uchaguzi upite, kwamba akisema sasa watalifanya wimbo. Aliogopa. Naliandika hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mimi niliposikia tungoje, nilifurahi. Nilitoka pale nimepumua.

Alishinda kwa kura chache. Mvua zikaanza, watu wakaingia mashambani, mkutano ukasogezwa tena. Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mwaka jana, likaja lori na saruji na nguzo fupi za mpaka. Walichimbia nguzo kutoka kijito hadi kwenye myombo wangu, na kutoka kwenye myombo wangu hadi kilimani. Nyumba kumi na nne zikabaki upande wa pili, pamoja na maboma ya ng'ombe na mahindi yaliyokuwa yameshafika kifuani. Nyumba ya kwanza baada ya nguzo ilikuwa ya mtani.

Hapo ndipo kaka aliitisha mkutano. Ulijaa kuliko mkutano wowote niliowahi kuona kwetu. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya kijiji, wengine juu ya pikipiki zao. Mimi nilikaa nyuma kwenye keria ya baiskeli yangu. Kaka hakutumia maneno mengi.

"Ndugu zangu, siku ya kupima nilikosea mti. Nilionyesha mti ambao si wenyewe. Naomba mkutano huu uandike hivyo ili tupeleke wilayani."

Kisha mtani akasimama. Alikuwa amevaa koti lake la mnadani.

"Mtani, wewe ni mtoto wa mrina asali. Mimi ng'ombe wangu nawajua kwa kwato. Wewe mzinga wa baba yako unaukosea?"

"Niliukosea."

"Mzinga una alama ya baba yako, na wewe ndiye uliyewaonyesha. Tumeambiwa na kamati. Sasa mti umekosewaje wakati mzinga haujakosewa?"

Kaka akamgeukia mtendaji aliyekuwa anaandika.

"Sema tu bei," mtani akasema. "Sisi watu wa mnada, bei haituogopeshi."

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha utani. Mama mmoja wa kaya zile akasema, "Mwenyekiti, watoto wangu nitawaambia uliukosea mti?" Mtu aliyeshindwa uchaguzi alikuwa amekaa mbele, ananyoosha vidole vyake kimoja kimoja.

Swali la mtani lilikuwa na jibu la sentensi moja, na sentensi hiyo nilikuwa nayo mimi. Nilimtazama kaka. Yeye hakunitazama hata mara moja mkutano wote. Mwanzoni nilidhani amenikasirikia. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa anajizuia, kwa sababu angenitazama watu wangefuata macho yake. Nilibaki kwenye keria. Mkutano ulivunjika kwa kelele, na muhtasari ulioandikwa ulisema tu kwamba wananchi hawakuridhika na maelezo ya mwenyekiti. Huo haukuwa na kazi wilayani.

Mwezi wa saba kaya zile ziliondoka. Walipewa muda, wakavuna, wakaondoka. Hakukuwa na vurugu. Walifungua mabati wenyewe, wakang'oa milango na fremu zake, wakapakia kwenye matrekta na matela ya ng'ombe. Mtani alienda upande wa Mishamo, akakodi shamba kwa mtu. Siku anaondoka ng'ombe wake walipita mbele ya nyumba ya kaka, hakuna njia nyingine. Kaka alikuwa amekaa barazani. Mtani alipita anawachunga nyuma kwa fimbo, hakupaza sauti, hakugeuza shingo. Shemeji aliingia ndani akafunga mlango ingawa ilikuwa mchana.

Tangu hapo watu wakaacha kuja. Aliyetaka barua alimvizia mtendaji, au alienda mpaka kata. Kopo la biskuti lilikaa juu ya kabati na wino ukakauka. Kaka alilifungua siku moja mbele yangu, akauchovya muhuri, akagonga kwenye gazeti, haukutoa kitu. Akasema, "Hata wino umenisusa." Alisema kwa mzaha, nami nilicheka kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Vikao vya halmashauri ya kijiji wajumbe walianza kuchelewa, halafu wakaanza kutokuja. Hakuna aliyemfukuza. Angefukuzwa ingekuwa nafuu, angekuwa na wa kumkasirikia.

Nilimwambia mara mbili kwamba nitasema. Mara ya kwanza alisema, "Ukisema sasa wataona nimekufundisha." Mara ya pili alisema, "Mimi ndiye mwenyekiti. Mimi ndiye nilinyoosha kidole. Wewe una watoto wa kuoza hapa." Nilikubali mara zote mbili upesi. Mtu anayetaka kukataliwa ombi lake anajua namna ya kuliomba.

Presha ilimwanza mwezi wa kumi. Mwezi wa pili akaanguka bafuni, tukamkimbiza Mpanda kwa gari la mfanyabiashara mmoja wa pale mjini aliyekuwa amekuja kununua mahindi. Alikaa wodini siku tano. Mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja lakini maneno yalieleweka ukiinama. Siku ya nne aliniuliza kuhusu mzinga.

"Umeurina?"

"Bado. Asali haijaiva."

"Usiuhamishe."

Nilimtazama nione kama anacheka. Nusu ya uso haikuweza, nusu nyingine ilicheka. Kesho yake ndiyo Jumatano.

Shemeji aliniambia niandike wasifu wa marehemu wa kusomwa makaburini, kwa kuwa mimi ndiye mdogo wake na mwandiko wangu unasomeka. Nilikaa na daftari la mtoto wa shule na kalamu ya bluu. Mtendaji alikuja kunisaidia, akasema niweke kwamba marehemu alikuwa kiongozi mwadilifu, mpenda maendeleo, na mchango wake hautasahaulika. Niliandika. Niliandika alizaliwa wapi, alisoma mpaka darasa la ngapi, alioa lini, ameacha watoto wangapi, aliugua nini. Nilipofika kwenye uongozi wake niliandika madarasa mawili na kisima. Halafu kalamu ikasimama. Niligeuza ukurasa, nikaandika habari ya mzinga, yote, tangu kiuno changu kuuma mpaka kimashine kusoma. Nilimpelekea shemeji asome kwanza, maana jina la marehemu ndilo la watoto wake.

Alisoma akiwa amekaa kwenye mkeka kati ya wanawake, polepole, kidole kikifuata mistari. Alipomaliza hakulia. Alikuwa ameshalia siku mbili.

"Kwa hiyo mlijua nyie wawili," akasema.

"Ndiyo, shemeji."

"Na mimi nampikia."

Alinirudishia daftari.

"Kasome," akasema. "Kasome yote, usiruke hata mstari. Halafu mwezi huu usije kula kwangu."

Tulimzika Ijumaa. Watu wa kijiji walikuja, msiba haususwi kirahisi, lakini walikuja wamechelewa na walisimama mbali. Nilimwona mtani amefika kutoka Mishamo na wanawake wawili wa zile kaya. Alisimama kule zilikoegeshwa baiskeli. Kwa kawaida kwenye msiba wetu mtani ndiye anayechangamsha. Angeingia kaburini alale, aseme kaburi ni fupi, marehemu miguu itabaki nje, mpaka apewe kuku ndipo atoke. Kaburi lilikuwa wazi na hakuna aliyelisogelea. Vijana waliochimba walikuwa wanaangalia upande wake, wakisubiri. Hakusogea.

Katekista alimaliza, akaniita. Nilisoma. Niliegemeza daftari kwenye mpini wa koleo lililokuwa limechomekwa kwenye udongo. Nilipofika kwenye ukurasa wa pili sauti yangu ilikuwa ndogo, mtu mmoja akasema, "Hatusikii huku." Nikarudia tangu juu kwa nguvu. Nilisoma kwamba mzinga niliuhamisha mimi, kwamba kaka hakujua siku ya kupima, kwamba nilimwambia kesho yake, kwamba alisubiri uchaguzi na mimi nikasubiri naye, na kwamba siku ya mkutano mimi nilikuwa nimekaa nyuma kwenye baiskeli. Nilisoma mpaka mwisho, ambapo nilikuwa nimeandika yale maneno ya mtendaji kwamba mchango wake hautasahaulika.

Katekista alitazama chini. Mtani alikuja kutoka kwenye baiskeli, watu wakampisha, akasimama mbele yangu karibu sana.

"Kwa hiyo ni wewe."

"Ni mimi."

"Na yule pale akakaa kimya nikimtukana."

"Ndiyo."

"Hela hakula."

"Hakula."

Alinyoosha mkono, nikadhani ananipiga. Alichomoa lile koleo. Alianza kufukia yeye mwenyewe, na vijana wakamfuata. Hakulala kaburini, hakudai kuku, hakufanya utani wowote. Alifukia mpaka tuta likakamilika, akapangusa koleo kwa nyasi, akaondoka na wale wanawake bila kuaga. Wengine walipeana mikono na shemeji. Kwangu walipita. Watoto wa kaka, wanaoniita baba mdogo, walinisalimu jioni kama wanavyosalimu mgeni.

Wiki tatu baadaye, Jumamosi asubuhi, mtani alikuja kwangu na baiskeli, mtendaji akiwa nyuma yake na pikipiki. Mtendaji alisema wajumbe wamekubali kuandika muhtasari mpya, lakini wilayani watataka kuonyeshwa mti wa zamani, hivyo twende tukauone kwanza. Mtani hakunisalimu. Alisema tu, "Twende ukatuonyeshe."

Tuliacha baiskeli na pikipiki kwenye nguzo ya mwisho kabla ya myombo, tukaingia kwa miguu. Tulipita kwenye myombo, mzinga upo juu, nyuki wanaingia na kutoka. Hakuna aliyeinua kichwa. Tulipita kwenye viwanja vya zile kaya. Nyasi zilikuwa zimeshafunika sakafu, lakini mawe ya mafiga yalionekana, na mipapai ilikuwa imesimama yenyewe ina matunda. Mtani alipita kwenye kiwanja chake bila kupunguza mwendo.

Nusu saa mbele nilisimama. Nilijua ni pale kwa sababu ya mwinuko mdogo na kichuguu cha upande wa kushoto. Lakini mti haukuwapo. Nilidhani nitakuta hata kisiki. Moto mwingine ulikuwa umepita, mchwa wamekula kilichobaki, na mvua ya mwaka huu imeotesha nyasi juu yake. Nilipiga magoti nikafukua kwa panga, nikapata udongo mweusi kidogo na mkaa wa ukubwa wa kidole. Mtendaji aliuchukua, akaugeuza, akaurudisha mkononi mwangu.

"Huu hautoshi," akasema taratibu. "Mkaa upo kila mahali huku."

"Ungechonga alama," mtani akasema.

"Ningechonga."

"Hata kwenye mti wa jirani."

"Ndiyo."

Alitazama miti ya jirani mmoja mmoja, kama mtu anayehesabu ng'ombe wanaoingia zizini. Kisha akanigeukia.

"Una uhakika ni hapa?"

"Nina uhakika."

"Basi simama hapo hapo. Usisogee."

Nilisimama. Akaanza kutembea kurudi tulikotoka, kuelekea kwenye kiwanja chake, akienda hatua kadhaa anageuka, ananiangalia, anaangalia kilima cha mawe meupe kwa mbali, kama anayepima mpaka wa zamani kwa macho, anaendelea. Mtendaji alikaa kwenye kichuguu akatoa simu, hakukuwa na mtandao, akairudisha mfukoni. Nilishika ule mkaa. Inzi walinisumbua machoni na sikupunga mkono, kwa sababu niliambiwa nisisogee. Niliona shati lake likiingia kwenye miti na kutoka, mpaka sikuliona tena.

Jua lilikuwa limeshapita utosini aliporudi. Alikuwa ameshika papai moja kutoka kwenye mpapai wake. Alilipasua kwa panga, akampa mtendaji nusu, akaanza kula nusu nyingine.

"Nyumba yangu ilikuwa ndani ya kijiji," akasema. "Mbali na mpaka. Ndani kabisa."

Akatupa mbegu kwenye nyasi, akafuta panga kwenye suruali.

"Unaweza kusogea sasa," akaniambia, na tukarudi.